Shajara ya Mradi: Kamusi Ndogo ya Kituva kwa Kiswahili, Yenye Sauti

Kazi hii bado inaendelea. Nakusanya maneno ya Kituva, lugha ya wafugaji wa Tuva, jamhuri ya Urusi iliyoko kusini mwa Siberia mpakani na Mongolia, na kuyaeleza kwa Kiswahili bila kupitia Kirusi. Kila neno linawekewa sauti ya mwenye lugha. Lengo la awamu hii ni maneno mia tano. Niko Krasnoyarsk kimasomo, na vijana wengi wa Kituva huja kusoma mji huu, kwa hiyo wasaidizi sikuwakosa.

Kituva ni cha jamii ya lugha za Kituruki na kina wazungumzaji zaidi ya laki mbili. Si lugha iliyo kufani, ila kwa msomaji wa Kiswahili mlango wake ulikuwa umefungwa. Shajara hii naiweka wazi ili mwenye nia ya kufanya kazi kama hii kwa lugha nyingine aone mapema palipo na mashimo. Humu naandika maneno kwa herufi za Kilatini ili yasomeke, ambapo y inasimama badala ya ы na pia ya й. Kamusi yenyewe inatumia Kisiriliki, herufi za namna ya Kirusi.

6 Februari: Orodha ya kwanza imetupwa

Nilianza na ile orodha ya maneno ya msingi, mia mbili na kitu, ambayo wanaisimu huenda nayo popote: maji, mlima, jua, mkono, kwenda, kulala. Niliiandika kwa Kiswahili nikampa mwenzangu wa bwenini, aliyekulia kijijini magharibi mwa Tuva, ajaze upande wa pili.

Vitu vilienda vizuri. *Sug* ni maji, *dag* mlima, *hem* mto, *ay* mwezi, *hün* jua na pia siku. Tulipofika "kwenda" kalamu ikasimama. Akauliza: kwenda wapi? Nikamwambia popote tu. Akauliza tena: mto uko upande gani?

Kumbe Kituva kina *choktaar*, kupanda kuelekea mto unakotoka. *Badar*, kushuka unakoelekea. Na *kezher*, kuvuka. Maneno ya jumla yapo, *baar* na *choruur*, lakini mtu wa bondeni anayejua aendako husema safari yake kwa kufuata maji, hata akiwa juu ya farasi na mto wenyewe hauonekani. Nami nilikuwa nimemwachia kisanduku kimoja chenye nafasi ya neno moja.

"Kaka" na "dada" vilikwama vivyo hivyo. *Akyy* ni kaka mkubwa na *ugba* ni dada mkubwa. Akiwa mdogo kwako, wa kiume au wa kike, ni *dunma*. Hapo tulielewana upesi, maana Kiswahili nacho kina "mdogo wangu" isiyouliza jinsia.

Suluhisho: nimegeuza mwelekeo mzima. Neno la Kituva ndilo linalotangulia, na upande wa Kiswahili hakuna kisanduku cha neno moja bali sentensi fupi ya maelezo. Mpangilio unafuata mada: mto na ardhi, mifugo, hema, jamaa, chakula, majira. Orodha ya mwanzo karibu yote imetupwa. Anayeanza leo asipoteze muda nayo, hasa kwenye vitenzi.

19 Februari: Herufi tatu

Alfabeti ya Kituva ina herufi 36: zile 33 za Kirusi na tatu za nyongeza, ң, ө na ү. Hizi tatu ndizo zimenila usingizi.

Kibodi ya Kirusi haina hata moja. Kwa hiyo watu wakiandikiana kwenye simu huweka о badala ya ө, у badala ya ү, н badala ya ң, na wenyewe kwa wenyewe wanaelewana bila shida. Kwenye kamusi ni balaa. *Hol* (хол) ni mkono na *höl* (хөл) ni ziwa. Maneno yaliyokuja kwa ujumbe wa simu yalifika yote mawili kama хол, na lahajedwali langu likawa na neno moja lenye maana mbili, mkono na ziwa, kana kwamba ndivyo lugha ilivyo. Niligundua siku ya kurekodi, msomaji alipoitamka safu ile mara mbili kwa namna mbili.

Dawa ya kibodi ni rahisi: wekeni kibodi ya Kikirigizi. Lugha hiyo inaongeza herufi hizo hizo tatu, na kibodi yake ipo karibu kwenye kila simu na kompyuta. Ya Kimongolia haitoshi, haina ң.

Tatizo la pili lilijificha zaidi. Nilitafuta *ög* (өг), hema la Watuva, programu ikanijibu kwamba halipo, ilhali nalitazama kwenye skrini. Sababu ni kwamba Yunikodi, orodha inayompa kila herufi ya kompyuta namba yake, ina herufi zaidi ya moja zenye sura ya duara lililokatwa katikati. Ya Kituva ni U+04E9. Ipo ya Kilatini, U+0275, na ipo herufi ya kale ya Kisiriliki, U+0473. Kwa macho huzitofautishi. Sehemu ya maneno niliyonakili kutoka kwenye faili la zamani yalikuwa na ile ya Kilatini. Nimeandika amri fupi ya kubadilisha zote ziwe U+04E9, nayo inapita kila ninapoongeza maneno mapya.

La tatu ni mpangilio. Kompyuta hupanga kwa namba ya herufi, hivyo ң, ө na ү zinatupwa mwisho kabisa, baada ya я. Mahali pake halisi ni baada ya н, о na у. Nimeongeza safu ya siri inayobadilisha kila herufi kuwa namba ya nafasi yake kati ya 36, na ndiyo inayopanga.

Inafaa kukumbuka kwamba maandishi haya yana umri mfupi. Hadi 1930 Watuva waliosoma waliandika kwa Kimongolia. Mwaka huo, Tuva ikiwa bado dola peke yake (ilidumu kuanzia 1921 hadi 1944 ilipoingizwa Umoja wa Kisovyeti), lugha ilipewa alfabeti ya Kilatini, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikahamishiwa Kisiriliki. Mzee mmoja aliweza kuona mifumo mitatu katika maisha yake. Sisi tuliokuwa na mashairi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu tunajua mabadiliko ya namna hiyo yanavyowatenga wajukuu na karatasi za babu zao.

10 Machi: Kurekodi, na farasi aliyegeuka jina

Maikrofoni ya kuchomeka kwenye kompyuta: rubo (fedha ya Urusi) 4,200. Standi na sponji ya kufunika maikrofoni: rubo 900.

Chumba cha bweni kina jokofu linalovuma na mabomba ya joto yanayogonga. Tumehamia ndani ya kabati la makoti ya baridi. Makoti ya Siberia ni mazito kiasi kwamba hayarudishi mwangwi wowote, na sauti imetoka safi kuliko ya studio ya chuo niliyoiomba mara ya kwanza.

Shida haikuwa kelele. Kituva kina irabu fupi, ndefu, na kundi la tatu linalotamkwa kwa sauti iliyoshushwa na koo kubanwa kidogo. Hilo la tatu ndilo linalotenganisha *at* (ат), jina, na *aʺt* (аът), farasi. *Ot*, moto, na *oʺt*, nyasi. Maandishi hulionyesha kwa alama ъ, lakini kwenye maneno machache tu. Mengine unapaswa kuyajua kwa sikio, na ndiyo maana kamusi ya karatasi pekee haitoshi.

Msomaji alisoma orodha kuanzia juu hadi chini. Nikisikiliza baadaye, nusu ya farasi wangu walikuwa majina. Mtu akisoma orodha huinua sauti kwa kila neno kuonyesha kwamba linafuata lingine, na neno la mwisho hulishusha. Mpando ule ulifunika kabisa ule ushukaji wa irabu. Neno lililosikika sawasawa ni lile lililoangukia mwisho wa ukurasa.

Tumerudia yote. Sasa kila neno linasemwa katikati ya sentensi ileile isiyobadilika, yenye maana ya "nimesema fulani", mara tatu, na mimi nachukua la katikati. Maneno jozi hayasomwi yakifuatana, maana msomaji akijua unapima tofauti ataitia chumvi. Mafaili yanahifadhiwa kwa WAV. MP3 ni ya kuweka kwenye ukurasa tu.

2 Aprili: Mtu anasoma akiwa ameketi

Mifano ya sentensi ilirudishwa na wasaidizi ikiwa imejaa wino mwekundu.

Kusema jambo linaendelea sasa, Kituva huchukua kitenzi, hukitia kiishio *-p*, kisha huongeza kimoja kati ya vinne: *tur* (kusimama), *olur* (kuketi), *chydyr* (kulala chini), *chor* (kwenda). *Nom nomchup olur men*: nasoma kitabu, nikiwa nimeketi. *Udup chydyr men*: nimelala usingizi, mwili uko chini. Mimi nilikuwa nimejifunza *olur* kwa sentensi ya kitabu nikaisambaza kila mahali kama "-na-" yetu. Matokeo yake watoto wangu walikuwa wakisinzia wameketi, na ng'ombe wangu wanakula nyasi wakiwa wamekaa kitako.

Kwa muda niliweka maelezo ya sarufi chini ya ukurasa. Nilipowapa marafiki wa Dar es Salaam na Mombasa wajaribu, hakuna aliyeyasoma. Nimeyafuta. Badala yake kila sentensi ya mfano ina picha ndogo ya mtu: amesimama, ameketi, amelala, au anatembea, na tafsiri ya Kiswahili inataja mkao waziwazi hata kama Kiswahili chenyewe kisingeutaja. "Anakula akiwa ameketi" inasikika nzito kwetu, lakini bila hiyo nusu ya habari ya Mtuva imepotea. Hili ndilo naliona kuwa kiini cha kazi nzima: kamusi imwonyeshe msomaji kile ambacho mwenye lugha hawezi kukiacha bila kukisema.

21 Aprili: Jamaa

Mada iliyokwisha upesi kuliko zote. *Daay* ni kaka wa mama, ndiye mjomba hasa. *Kyrgan-ava* bibi, *kyrgan-acha* babu. *Cheste* ni mume wa dada mkubwa na *chaava* ni mke wa kaka mkubwa. Sisi tungewaita wote shemeji, kwa hiyo hapo pana maelezo. Hakuna kilichokwama.

18 Julai: Kutoka kwenye aal

Kyzyl, mji mkuu, hauna reli. Ni barabara kutoka Abakan kuvuka milima ya Sayan. Nauli kwenda na kurudi: rubo 7,000. Mjini hapo mito ya Bii-Khem na Kaa-Khem hukutana na kuanza safari ya mto Yenisei, na ukisimama ukingoni vitenzi vya mto havihitaji tena maelezo. Kisha nikapelekwa kwa jamaa wa msaidizi wangu, kwenye *aal*, mahema machache yaliyopigwa pamoja malishoni.

Watu hawa huhama kwa majira, na kila kituo kina jina lililotokana na jina la msimu: *chazag* cha machipuko, *chaylag* cha kiangazi, *küzeg* cha vuli, *kyshtag* cha baridi. Tulikuwa kwenye *chaylag*.

Nilikuwa nimechapisha picha za rangi za farasi ili wazee wanitajie majina. Kazi bure. Mwenye aal alizishika mbili tatu akazirudisha, akisema mkia umekatwa kwenye picha na manyoya ya shingo yamepigwa na kivuli, atajuaje? Tukaenda kundini. Hapo majina yalitoka bila kusita: *dorug*, mwenye mwili wa hudhurungi na singa nyeusi, *shilgi*, mwekundu, *bora*, wa kijivu, *ala*, wa mabaka. Jina la rangi kwa mfugaji si pambo, ndilo analotumia kuulizia mnyama aliyepotea kwa jirani wa bonde la pili. Nimefuta picha zote za kuchapisha, na maneno ya rangi sasa yana picha nilizopiga kundini, farasi mzima kuanzia pua hadi mkia.

Mengine ya mifugo yalienda haraka: *hoy* kondoo, *öshkü* mbuzi, *inek* ng'ombe, *teve* ngamia, *sarlyk* ng'ombe wa manyoya marefu wa milima ya juu, *ivi* kulungu wa kufugwa wa huko Todzha kaskazini-mashariki. Watoto walinionyesha *kazhyk*, mchezo wa vifundo vya miguu ya kondoo, ambao kila upande wa kifundo una jina la mnyama.

Upepo uliharibu rekodi za siku nzima. Sponji ya mjini haifui dafu mbele ya upepo wa nyika. Mama mwenye hema alichukua kipande cha ngozi ya kondoo chenye manyoya, akaifunika maikrofoni na kuifunga kwa uzi. Kelele ikaisha. Beba kipande chako.

Asubuhi yake ndiyo iliyobadili sheria za mradi. Chai ya maziwa yenye chumvi ikishaiva, kabla mtu hajaonja, mama hutoka nje na *tos-karak*, kijiko cha mti kilichochongwa vishimo tisa, mistari mitatu ya vitatu. Huchota chai ya kwanza na kuirusha juu, kila upande wa dunia, akisema maneno ya baraka kwa sauti ya kawaida, bila kuiinua. Matone yanatoka tisa tisa. Maikrofoni ilikuwa imewashwa tangu alfajiri kwa ajili ya sauti za mifugo, na maneno yote yaliingia.

Nilimsikilizisha jioni nikamwomba ruhusa. Akakataa, kwa upole: jina la kijiko niandike, umbo lake nilieleze, lakini maneno yale yanasemwa pale, kwa mlima ule na maji yale. Faili limefutwa mbele yake. Kuanzia siku hiyo lahajedwali lina safu ya ruhusa, na neno lisilo na jibu kwenye safu hiyo halipandi kwenye ukurasa. Rekodi za nyuma nimezirudia kuulizia. Nyingine mbili tatu zimeondolewa. Fomu ya kusaini niliyokuwa nayo haikufaa kitu. Kumsikilizisha mtu sauti yake ndiko kuomba ruhusa.

Zawadi za chai iliyogandamizwa kama tofali, unga na sukari: rubo 5,500.

30 Agosti: Neno linalojificha

Wajaribu wapya wamelalamika: wanasikia *batkan* kwenye sauti, yaani ameshuka, wakilitafuta hawalipati. Kamusi inaweka kitenzi katika umbo la *badar*. Konsonanti ya mwisho wa shina hulainika ikizungukwa na irabu: *bat-* ikawa *badar*, *kesh-* ikawa *kezher*, *chyt-* ikawa *chydar*. Anayeanza hawezi kujua kwamba t na d ni neno lile lile.

Nilijaribu kuifundisha programu ikisie. Ilikisia vibaya zaidi ya ilivyopatia, na maneno kama *kezer*, kukata, yalichanganyika na *kezher*, kuvuka. Sasa kila kitenzi kina maumbo mawili yaliyoandikwa kwa mkono, la *-ar/-er* na la *-kan/-gan*, na yote mawili yanatafutika. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini imemaliza malalamiko.

Wingi nao: Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, Kituva huongeza mwisho, na kiishio kina sura nane kwa kufuata irabu na konsonanti iliyotangulia. *Dag, daglar. Hem, hemner. Ool* (mvulana)*, ooldar. Aʺt, aʺttar. Ög, ögler.* Sikuweka kanuni. Wingi umeandikwa kamili na kurekodiwa kwa kila nomino.

15 Septemba: Höömey

Niliahirisha mada hii, uimbaji wa kooni, kwa sababu ndiyo inayowaleta watu wengi kwa Watuva, na sikutaka ifunike lugha. Mwimbaji hushikilia sauti moja kooni, na kwa kupanga ulimi na midomo huichomoza moja ya sauti za juu zilizomo ndani yake, hadi ukasikia mbili kwa mpigo. *Höömey* ni jina la jumla na pia la mtindo mmoja. *Sygyt* ni ule wenye mlio wa mbinja. *Kargyraa* ni ule mzito, ambapo mikunjo ya juu ya koo hutetemeka pia na sauti kushuka oktavu nzima. *Ezengileer* imetokana na *ezengi*, kikuku cha kuwekea mguu cha mpanda farasi, na mapigo yake hufuata mwendo wa mpanda farasi.

Wimbo hutungwa kwa kuchagua sauti za juu, na Watuva kwa kawaida huiruka ya saba. Msomaji wa Dodoma atashtuka hapo, maana muziki wa Wagogo umejengwa juu ya mfululizo ule ule na wenyewe hauiachi ya saba. Nimeweka maelezo hayo kwenye ukurasa pamoja na mchoro wa masafa.

Kilichoharibika: rekodi za simu zilitoka zikikatika-katika, mwimbaji anasikika kama anazama. Simu nyingi zina kichujio cha kelele, nacho hudhani sauti iliyonyooka bila kubadilika ni mvumo wa mashine na kuifuta. Zimeni kichujio, au tumieni programu inayorekodi bila kugusa sauti. Na jedwali la mitindo lisiandikwe chini ya "kuimba" pekee. Wasaidizi wote wamenisahihisha kwamba *höömeyleer* na *yrlaar*, kuimba kwa maneno, si kazi moja.

4 Oktoba: Hesabu na hali ilivyo

Maikrofoni, standi na sponji 5,100; nauli 7,000; zawadi 5,500; malipo ya wasomaji wa sauti 12,000; jina la tovuti na seva kwa mwaka 2,600. Jumla rubo 32,200. Ningepunguza popote pengine kabla ya kugusa malipo ya wasomaji: sauti ni yao, na kazi ya kurudia neno lile lile kabatini inachosha.

Maneno yamepita mia nne. Majira, jamaa na mifugo zimefungwa. Chakula bado kinasubiri mtu wa kunisomea *hoytpak* (maziwa yaliyochachushwa), *byshtak* (jibini) na *izig-han* (soseji ya damu) kwa matamshi ya kusini, karibu na mpaka, kwa sababu wasaidizi nilionao wote ni wa magharibi. Lahajedwali tupu lenye safu zote, pamoja na ile ya ruhusa, na amri ya kusafisha ө vinaweza kunakiliwa kuanzia leo. Ingizo linalofuata litakuwa la chakula, baada ya vikao vya Novemba.